Nimeolewa na Ukuta

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na lake la kupiga. Mimi nilipiga pasi, mume wangu alipiga rangi, na binti yetu, kwa kuwa hakuwa na kazi, alipiga kelele. Siku hizi mume wangu anapiga muziki, na wanaoniletea nguo hawaachi kuniuliza, "Hivi Dobi, ilikuwaje mtu mwenye haya kama yule akapanda jukwaani?" Nimechoka kulijibu swali hilo shati kwa shati. Nimeliandika hapa lote, tangu shina hadi ncha. Anayetaka asome, asiyetaka achukue nguo zake.

Kwanza mjue haya zake zilikuwa za namna gani. Kuna mtu akisifiwa huinamisha kichwa; hiyo ni adabu. Za mume wangu zilikuwa maradhi. Dukani alinunua sabuni kwa kuionyesha kwa kidole, na muuzaji akikosea akampa kiberiti, alishukuru kwa kichwa akarudi nacho nyumbani. Tulikuwa na viberiti vya kuchomea mji. Mtaani walimwita Bubu. Wageni waliamini ni bubu kweli, wakawa wanamsemesha kwa mikono, naye aliwajibu kwa mikono hiyohiyo, amefurahi kama aliyefunguliwa kamba.

Kazi yake ilikuwa kuchora vibao. Kinyozi, gereji, duka la dawa, zahanati, vyote pande zetu vilisema kwa mkono wake. Hapo sitamnyima haki yake: alikuwa fundi. Mafundi wengine huanza neno kwa herufi kubwa kama ng'ombe wakalimaliza kwa herufi ndogo kama sisimizi, kwa sababu ubao umewaishia. Yeye alipiga mstari kwa kamba iliyopakwa chaki, akahesabu herufi, akaanzia katikati ya neno na kwenda huku na huku mpaka likakaa sawa kama bibi harusi kitini. Mtu mzima anayeweza kupanga herufi thelathini bila kukosea, na hawezi kupanga maneno mawili mdomoni.

Tulivyooana ni hivi. Nilikuwa napiga pasi barazani kwa mama yangu. Yeye akawa analeta ovaroli yake ya kazi, imejaa rangi kama mgongo wa kenge, eti ipigwe pasi. Ovaroli ya rangi! Niliinyoosha, akaichukua, kesho kutwa akairudisha. Siku moja akaweka mezani pangu kibao kidogo, ukubwa wa kitabu, akaondoka mbiombio. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Kwetu shule ilikuwa ya kaka zangu, na mimi nilikuwa wa kuwafulia sare. Nikaona kibao kizuri, kina herufi nyekundu, na kimelingana na pasi yangu ya mkaa. Nikakifanya cha kuegeshea pasi. Wiki mbili nzima. Mwenyewe alikuja, akaiona pasi imekalia kibao inafuka moshi, akameza mate, akachukua ovaroli, akaenda zake.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani, jirani yetu wa chumba cha pili, alipokuja kuomba kaa la moto.

"Shoga, unajua hiyo pasi umeiegesha juu ya nini?"

"Si kibao."

"Kibao! Kimeandikwa NAOMBA NIKUOE. Yaani kilikuwa kimeandikwa. Umeichoma posa ya watu mpaka imebaki NAOMBA NIKU."

"Niku nini sasa?"

"Hilo kamuulize mwenyewe."

"Nimuulize yule? Nitazeeka hapa."

Sikumuuliza. Nilikubali. Siku ya kuandikishwa, karani alimuuliza kama amekubali kunioa, akaitikia kwa kichwa. Karani akasema, "Kichwa hakiandikiki, bwana. Tamka." Mwenzangu akapaliwa na mate, akakohoa. Karani alikuwa na njaa, akaandika ndiyo. Kwa hiyo mimi niliolewa kwa kikohozi. Ningejua kikohozi hicho kitanifuata hadi wapi, ningempa maji ya kunywa kwanza.

Kusoma nilijifunza kwa vibao vyake. Neno la kwanza kulisoma peke yangu, kidole kikifuata herufi, lilikuwa kwenye ukuta wa nyuma ya soko: USIKOJOE HAPA. Si somo baya. Kuna waliokaa darasani miaka kumi na halijawaingia.

Sasa, ndoa na mtu asiyesema ina shida moja ambayo wenye waume wasemaji hawaijui. Hamuwezi kugombana. Ukipika vibaya, kimya. Ukipika vizuri, kimya. Ukisema paa linavuja, anatazama juu, kisha anakutazama wewe, kisha anarudi kazini. Nami nina mdomo, sikuumbwa na zipu. Nikaanza kuimba. Mimi nikiwa na pasi upande wa baraza, yeye uani na vibao vyake vimeegemezwa ukutani, nilimtolea mafumbo kwa sauti, kila siku na lake. Lililoshika sana lilikuwa hili:

*Nimeolewa na ukuta,*
*nauliza haujibu;*
*kila siku naufuta,*
*vumbi lake ni taabu.*

Na ubeti wa pili, wa siku ambazo nimekasirika zaidi:

*Kuta za watu zina masikio,*
*ukuta wangu una tumbo;*
*hausikii hata kilio,*
*husikia mlio wa chombo.*

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hata mama yake mzazi hakulijua. Akiwa na brashi mkononi na uso ameuelekeza ubaoni, mume wangu anaimba. Alizishika nyimbo zangu, moja baada ya nyingine, akaziimba kwa sauti ambayo, wacha niseme kweli, ni kama mafuta ya taa yaliyomwagika sakafuni: huyaoni yakija, unashtukia yamefika kila pembe. Mimi nikiimba huku, yeye akipokea kule. Mjinga mimi, nikadhani ananijibu. Miaka saba nilijua tunagombana kwa nyimbo na kupatana kwa nyimbo, kama watu wenye akili zao. Mpaka siku moja alipotumia yale maneno yake matano ya mwezi. Alisimama kando ya meza yangu, akasema:

"Wimbo mzuri ule. Ukuta upi?"

Nililiacha kaa likanipozea ndani ya pasi.

Binti yetu alipofikisha miaka saba, mwalimu wake aliwaita wazazi waje darasani, kila mmoja awaeleze watoto kazi yake. Nikasema nitakwenda mimi. Mtoto akakataa.

"Mama, wewe ulikuja mwaka jana, ukawagombeza watoto wote kwa sababu ya kola zao."

"Zilikuwa chafu."

"Na ya mwalimu pia uliisema."

"Ilikuwa chafu kuliko zote."

Basi akaenda baba yake. Mimi nikafuata kwa nyuma, nikasimama dirishani, maana nilijua atazimia na lazima awepo wa kumbeba. Walimsimamisha mbele ya watoto arobaini. Jasho likamtoka mpaka shati nililolinyoosha asubuhi ile likawa la kufuliwa upya. Mwalimu anamsihi, "Karibu mzazi, tuambie," yeye anatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza amevipata. Binti yetu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, baba hawezi kusema akiona watu. Mgeuze."

Wakamgeuza. Wakampa chaki. Akauona ubao, mabega yakashuka, akaanza kuandika herufi kubwa nzuri, na kuimba. Watoto wakaanza kupiga makofi kwa mpigo. Akafika kwenye wimbo wangu. Mimi pale dirishani nikacheka peke yangu, nikingoja aseme mbele za watu kwamba ameolewa. Hapo akasita, nusu pumzi tu. Kumbe anajua Kiswahili. Akaimba:

*Nimeoa mie ukuta,*
*nauliza haujibu…*

Mnaona? Alibadili herufi chache tu, kazi ya dakika moja kwa mchora vibao, na wimbo ukahama nyumba. Mwenye kulalamika akawa mwenye kulalamikiwa. Ukuta sasa ulikuwa mimi.

Siku ile nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini mwalimu mkuu alimpa kuta za shule achore wanyama na ramani, akaimba mbele ya kuta hizo mwezi mzima. Zahanati ikasikia, ikamwita akachore ukuta wa chumba cha kungojea, na nesi akalalamika kwamba wagonjwa wakiitwa kwa daktari wanasema, "Subiri kwanza amalize." Kutoka zahanati akaitwa ukumbi mkubwa wa mjini, kuchora jina la bendi kwenye mbao za nyuma ya jukwaa. Na huko ndiko alikokuwako Tarumbeta.

Tarumbeta ni kiongozi wa bendi. Wamemwita hivyo kwa sababu anapuliza tarumbeta, hasa lake mwenyewe. Mwimbaji wake alikuwa amehamia bendi nyingine na suti ya bendi mwilini. Akawa amekaa ukumbini mchana, ameshika tama, akamsikia mchora vibao anaimba juu ya ngazi. Jioni ileile akawa barazani kwangu, ameketi juu ya nguo za watu.

"Shemeji, una dhahabu humu ndani umeifunika turubai."

"Dhahabu gani? Huyo hata salamu hana."

"Hatutaki salamu, tunataka sauti. Na ule wimbo wa ukuta, mama wee! Umenitoa machozi. Hebu bwana, niambie, wimbo ule ni wako mwenyewe?"

Nikainua macho. Mume wangu alikuwa mlangoni na brashi mkononi, anaifuta nywele moja moja kwa kitambaa. Nikaweka pasi chini. Nikampa muda, si kidogo, muda wa kutosha kunyoosha shati la mikono mirefu, mikono na kola. Jibu lilikuwa neno moja tu: "Wake." Au angeninyooshea kidole tu, kama anavyonyooshea sabuni.

Akakohoa.

Na Tarumbeta, kama yule karani, akaandika ndiyo.

Wakaanza kumfunza kutazama watu. Wakamvika miwani myeusi, akajikwaa kwenye waya. Wakamwambia awaone watazamaji kama mbao tupu, akasema, kwa mujibu wa mpiga besi, "Mbao hazina macho." Siku ya kwanza ya onyesho walimsukuma jukwaani, akaona macho mia tatu, akarudi kinyumenyume akaketi ndani ya ngoma kubwa. Ngoma ikapasuka. Tarumbeta hakulala njaa kwa sababu ya ngoma. Ana akili za haraka yule. Akasimamisha ubao mkubwa katikati ya jukwaa, akampa mume wangu ndoo ya rangi na brashi, akamgeuza. Alichokigundua mtoto wa miaka saba, watu wazima walihitaji ngoma ipasuke.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mwanamuziki: mgongo kwa watu, uso kwa ubao, anachora matofali na kuimba. Jumapili alasiri, ukumbi umejaa. Na watu walivyopenda! Mtu akikupa mgongo nyumbani, ni kiburi. Akikupa mgongo huku umekata tiketi, ni sanaa.

Akatokea na mwandishi mmoja wa gazeti, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Fundi cherehani aliniletea gazeti nikalisoma mwenyewe, polepole, hadi mwisho. Alikuwa ameandika kwamba ukuta ni upweke wa binadamu wa leo. Kwamba kuufuta kila siku ni kupambana na usahaulifu. Kwamba vumbi ni kumbukumbu za mababu zetu. Shoga yangu akaniuliza, "Ni kweli?" Nikamwambia vumbi ni vumbi. Ningekuwa sijui? Mimi ndiye niliyekuwa nalifagia.

Tarumbeta akasema msanii anahitaji utulivu, akampa chumba nyuma ya ukumbi. Mtu aliyekaa na mimi miaka kumi bila kutoa neno, alihitaji utulivu gani zaidi? Akahamisha brashi zake, makopo yake, na ovaroli. Akawa anakuja nyumbani mara moja kwa wiki, kuleta mashati ya jukwaani. Niliyapiga pasi. Ndiyo, niliyapiga, msinicheke. Mgongo wa shati hasa niliunyoosha vizuri, kwa kuwa ndio uso wake.

Siku wimbo ulipopigwa redioni nilikuwa na shati la mwalimu mkuu mezani. "Nimeoa mie ukuta," mtangazaji akasema, "utunzi wake mwenyewe." Nilipokuja kushtuka, shati lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, imekamilika, na ncha yake inaelekea shingoni. Miaka ishirini na tano ya kazi, sijawahi kuunguza nguo ya mtu. Ile posa siihesabu, haikuwa nguo.

Jumamosi yake alipokuja na mashati, nikafunga mlango na kuketi mbele yake.

"Baba mtoto, wimbo ule ni wa nani?"

Akatazama dari.

"Sitaki uende redioni. Sitaki umwambie Tarumbeta wala yule mwenye miwani. Niambie mimi tu, hapa, humu ndani, unanitazama. Sema, ule wimbo ni wako wewe mwanamke. Basi. Nikisikia hivyo, hata uuimbe miaka mia."

Mdomo ulifunguka. Naapa ulifunguka. Kisha akachukua mashati yaliyokuwa tayari, akayakumbatia, akatoka.

Nauliza, haujibu.

Nilikaa na hasira yangu nikaifikiria kama dobi anavyofikiria doa: usisugue kabla ya kujua ni la nini. Nikakumbuka jambo moja. Yule bwana hana wimbo alioutoa kitabuni wala kwa mwalimu. Anajua nyimbo kwa sikio, na sikio lake lilizoea mdomo wangu. Neno akilisikia asubuhi analitoa mchana, kama mtoto aliyesikia tusi. Basi nami nikawa mwalimu wake.

Bendi ilitangaza onyesho kubwa, mwandishi wa miwani atakuwepo, watu wa redio watakuwepo. Kwa ajili ya siku hiyo akaja kungoja mashati asubuhi tatu mfululizo, akakaa uani. Asubuhi zote tatu, niliimba "Nimeolewa na ukuta" bila kupumzika. Niliimba nikiwasha mkaa, nikinyunyiza maji, nikikunja. Pale kwenye "olewa" niliweka mkazo na kukandamiza pasi: nime-o-LE-wa. Fundi cherehani alitoa kichwa dirishani akauliza kama naumwa. Mume wangu uani, kidole chake kinachora hewani, midomo inafuata. Nikajua dawa imeingia.

Jumapili nilikwenda ukumbini na binti yetu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, na haya kuhusu mimi. Tukakaa nyuma. Niliouona jukwaani ni mgongo ninaoufahamu, shati nililonyoosha kwa mkono wangu, na ubao wenye matofali mekundu. Gitaa likaanza, besi ikaingia, Tarumbeta akajipuliza. Naye akainua brashi, akavuta pumzi, akaimba, kwa ile sauti iliyomwagika:

*Nimeolewa na ukuta…*

Jamaa mmoja wa mbele akapaza sauti, "He! Bwana kumbe umeolewa!" Mwingine, "Mahari alitoa ukuta?" Kicheko kikaanza safu za mbele kikaja kwetu kama maji ya kupiga deki. "Ameolewa! Mzee ameolewa!" Watu wanapigana vikumbo, wanafutana machozi. Mpiga gitaa amecheka mpaka amekosa waya. Na mgongo ule umesimama. Brashi ikaanguka. Rangi nyekundu ikaruka hadi kwenye viatu vya Tarumbeta.

"Mama," binti yetu akanishika mkono, "baba ataanguka."

Nilikuwa nimeungojea mwaka mzima ule mgongo utetemeke. Ulitetemeka, nami nikatazama, na sitadanganya, kwa muda kidogo nilishiba. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na nikasikia wanachokicheka. Hawakuwa wanamcheka yeye peke yake. Walikuwa wanaurudia mstari wangu, "nimeolewa na ukuta, nimeolewa na ukuta," kama kichekesho. Mstari nilioutunga nikiwa na paa linalovuja na mtoto mgongoni. Watu baadaye walisema nilisimama kwa kumhurumia mume wangu. Nilisimama kwa sababu walikuwa wanaucheka wimbo wangu.

Niliimba kutoka nilipokuwa. Sina sauti ya mafuta, yangu ni ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Niliimba ubeti wa kwanza wote, na "olewa" yake mahali pake. Wanawake wakageuka kwanza. Nilipoingia ubeti wa pili, ambao yeye hakuwahi kuuimba popote, ule wa ukuta wenye tumbo, mama mmoja wa safu ya katikati akapiga kigelegele, mwingine akasema, "Mwambie, dada! Hata wangu ni wa matofali hayohayo!" Kicheko kikabadilika. Mpiga ngoma, ambaye nadhani na yeye ana mke, akaanza kunipigia taratibu. Nikamaliza. Nikabaki nimesimama, nimeshika kiti cha mbele yangu.

Ndipo mume wangu akageuka.

Mikono ina rangi, uso una rangi, macho ameyakodoa. Tarumbeta anamnong'oneza, "Geuka, geuka huko!" Hakugeuka. Akakohoa. Nikasema moyoni, haya, na leo wataandika ndiyo. Lakini baada ya kikohozi, maneno yakaja.

"Mwenyewe yule pale," akasema. "Ukuta ni mimi."

Maneno sita. Niliyahesabu.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Nami nikadhani, baada ya miaka yote, yanapigiwa makofi maneno yangu. Kisha nikawaangalia vizuri wanatazama wapi. Walikuwa wanampigia yeye. Ujasiri ulioje! Unyenyekevu ulioje! Wanaume wangapi wangekiri? Mama yuleyule wa kigelegele alikuwa analia, "Mume wa aina hii hapatikani." Ameniibia mwaka, karudisha kwa dakika, na anayepewa pongezi ni mwizi kwa kujua njia ya kurudi.

Gazeti lilitoka Jumanne. Mwenye miwani aliandika kwamba msanii, katika kilele cha ubunifu wake, ameugeuza mwili wake kuwa ukuta, kisha ukuta kuwa uso. Kuhusu mimi kulikuwa na mstari mmoja: "Shabiki mmoja mwanamke alishindwa kujizuia, akaimba naye."

Tarumbeta alikuja na viatu vipya. Hakukaa juu ya nguo safari hii.

"Shemeji, tunakutaka jukwaani. Utaimba kutoka nyuma, kama siku ile."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma, kule kwa watu. Usionekane sana. Halafu yeye anageuka. Wanapenda sana anapogeuka."

Nikamuuliza kama ana nguo za kunyooshwa. Hakuwa nazo. Nikamwonyesha barabara.

Jumamosi mume wangu alirudi nyumbani, na brashi zake zote na ovaroli. Hakuleta mashati. Aliketi uani kutwa nzima amenipa mgongo, na safari hii haimbi. Mfinyanzi hulia gaeni, wasemavyo. Miaka yote ile mke wa mchora vibao alifanya kazi chini ya mlango mtupu. Jioni akaleta kibao kipya, akakiweka juu ya meza yangu ya pasi, palepale alipoweka kile cha kwanza, akasogea nyuma.

DOBI NA MTUNZI WA NYIMBO. DOBI ilikuwa kubwa kama ng'ombe. MTUNZI ilikuwa mbuzi. NYIMBO ilikuwa sisimizi, na ile O ya mwisho imebanwa ukingoni, nusu yake haipo. Huyu aliyekuwa anahesabu herufi na kuanzia katikati. Niliutazama ule mkono uliotetemeka kwenye rangi na nikajua alichora bila kupiga mstari. Fundi cherehani alikuwa dirishani kwake, shingo ndefu.

"Shoga, kitundike basi! Mtu amekuandika!"

Kweli ameniandika. Ukumbi mzima aliuambia, redio ilisikia, gazeti lilisikia lisivyosikia. Mtu ambaye bado hajaambiwa ni mmoja.

Sijakitundika. Nimekigeuza uso kwa ukuta, hapo kando ya mlango, kama alivyokuwa mwenyewe akiimba. Sikukiegeshea pasi, hilo nimejifunza. Nimemwambia kibao kitageuka siku mdomo utakapogeuka, na kwamba mimi nipo hapa tangu asubuhi hadi mkaa uishe, sihami.

Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi anakuja kusimama mbele ya meza, mikono nyuma, ananitazama. Ananitazama mimi, si viatu. Jana alifika mpaka kwenye "Ule wim…" Leo asubuhi amekohoa tayari mara mbili. Nimemwekea kikombe cha maji pembeni ya pasi, nami naendelea kunyoosha.